Onyo Lisilo Kweli: Kumbukumbu ya Mashine na Wajibu wa Kuhakiki

Onyo la kumbukumbu lisilo kweli ni taarifa itolewayo na kihariri matini, yaani programu ya kuchapia maandishi, kwamba kumbukumbu ya kompyuta imekwisha au inakaribia kwisha, ilhali nafasi bado ipo. Baada ya taarifa hiyo programu huweza kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, huweza kuganda, au hujifunga ghafla na kupoteza maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Kwa fundi, hili ni tatizo la kutafutiwa chanzo. Kwa mtu wa falsafa na mtu wa dini, ni mfano mdogo wa swali la zamani sana: onyo likimfikia mtu naye hana njia ya haraka ya kujua kama ni la kweli, anawajibika kufanya nini?

Kiswahili chenyewe kina pa kuanzia. Kitenzi "kuonya" kimetokana na "kuona", katika kauli ya kusababisha. Anayeonya humfanya mwenzake aone jambo ambalo peke yake asingeliona. Kwa asili hiyo, onyo lina kipimo chake ndani ya neno lenyewe: limetimiza kazi yake pale aliyeonywa anapoona zaidi ya alivyokuwa akiona. Onyo linalomfanya mtu aache kutazama, iwe kwa hofu au kwa mazoea, limekwenda kinyume na jina lake. Neno la pili ni "kumbukumbu". Kwa jina hilo moja huitwa uwezo wa binadamu wa kukumbuka, maandishi yanayotunza yaliyopita, na sehemu ya kompyuta inayoshika kazi inayoendelea. Ndilo pia jina la kitabu cha tano cha Biblia, Kumbukumbu la Torati, ambamo kimo kipimo cha kale cha kumtambua mwonyaji wa uongo. Kipimo hicho kitarejewa hapa chini, kwa kuwa kinagusa mashine sawasawa na kinavyogusa watu.

Meza ya kuchapia

Mbalizi ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbeya, uliokaa kandokando ya barabara kuu ya TANZAM magharibi mwa Jiji la Mbeya, kwenye njia ya kwenda Tunduma na Zambia. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kazi nyingi za maandishi hapo hupita stesheneri: barua za maombi ya kazi, kumbukumbu za vikao, ratiba za mazishi, mikataba. Mfano wa kawaida ni mkataba wa mauziano ya shamba. Muuzaji na mnunuzi wamekaa kwenye benchi, mashahidi wamesimama mlangoni, na mchapaji ameshafika ukurasa wa 3. Ameandika mipaka: mashariki kijito, magharibi shamba la jirani, kaskazini njia ya ng'ombe. Anapobandika picha ya mchoro wa shamba iliyopigwa kwa simu, kinatokea kidirisha kinachosema kumbukumbu haitoshi kukamilisha kazi hiyo. Anabonyeza kitufe cha kukubali, kidirisha kinarudi. Anabonyeza tena, programu inajifunga.

Maelezo hupatikana papo hapo. Mmoja anasema ni virusi. Mwingine anasema kompyuta imezeeka. Wa tatu anashauri inunuliwe RAM nyingine, yaani kifaa cha kumbukumbu. Kila mmoja ametaja sababu inayowezekana, na hakuna aliyetazama. Hapo ndipo tatizo la kifalsafa linapoonekana kwa ukaribu. Watu wamepokea dalili moja, na kutoka kwenye dalili wameruka hadi kwenye chanzo bila kupita katikati. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu ni ya kweli, lakini wakulima wa Mbeya wanajua kwamba mawingu hutanda juu ya safu za milima siku nyingi ambazo tone halianguki bondeni. Wingu humwambia mtu atazame juu. Halimwambii mvua imeshanyesha.

Uzito wa jambo hautoki kwenye mashine, unatoka kwenye kile kilichomo ndani yake. Katika nyanda hizihizi za juu za kusini mwa Tanzania, shirika la SIL limefanya kazi na makanisa kwa miaka mingi kuandika na kutafsiri Biblia katika lugha kama Kisafwa, Kimalila, Kinyiha, Kindali, Kisangu, Kivwanji, Kikinga na Kibena. Kazi ya namna hiyo hukaa kwenye mafaili kwa muda mrefu kabla haijafika kwenye karatasi. Aya moja iliyopotea ni saa nyingi za watu waliobishana juu ya neno moja mpaka wakakubaliana. Mkataba wa shamba nao ni hivyohivyo: kinachopotea ni makubaliano yaliyofikiwa mbele ya mashahidi.

Kwa nini onyo hukosea

Programu inapohitaji nafasi ya kuweka maandishi, picha au orodha ya mabadiliko yanayoweza kutenguliwa, huiomba kwa mfumo endeshi. Katika programu zilizoandikwa kwa lugha ya C, ombi hilo kwa kawaida hupitia amri iitwayo malloc. Likikubaliwa, programu hupewa anwani ya nafasi iliyopatikana. Likikataliwa, hurudishiwa jibu tupu, lisilo na sababu yoyote. Mashine imesema "sijapata". Mwandishi wa programu, aliyepaswa kumweleza mtumiaji kwa maneno ya binadamu, ameigeuza ikawa "hakuna". Kati ya semi hizo mbili kuna umbali mkubwa. Aliyetafuta ufunguo mezani asiuone anaweza kusema hajauona; hana haki ya kusema nyumbani hamna ufunguo. Maonyo mengi yasiyo kweli huzaliwa katika tafsiri hiyo ya haraka, na sababu zake ni hizi.

Ya kwanza ni ukubwa wa kiwanja alichogawiwa mwombaji. Programu ya biti 32 huweza kutaja anwani 4,294,967,296 tu, sawa na gigabaiti 4, na kwa kawaida Windows huiachia programu ya aina hiyo gigabaiti 2 kwa matumizi yake. Hivyo kompyuta yenye gigabaiti 8 inaweza kuwa na nafasi tele huku kihariri kikilalamika kwamba kimeishiwa. Kuhusu kiwanja chake, kihariri kinasema kweli. Kuhusu kompyuta nzima, kinakosea.

Ya pili ni kutawanyika kwa nafasi. Picha kubwa huhitaji nafasi moja isiyokatika. Kanisani panaweza kuwa na viti 10 vitupu, kimoja hapa na kingine pale. Familia ya watu 10 inayotaka benchi moja itaambiwa hakuna nafasi. Mhudumu wa mlangoni hajadanganya, lakini atakayehesabu viti atashangaa.

Ya tatu ni faili lililoharibika. Mafaili mengi huandika mwanzoni mwa kila sehemu urefu wa kinachofuata. Tarakimu hizo zikivurugika, pengine kwa sababu flashi ilichomolewa kabla ya wakati au umeme ulikatika katikati ya kuhifadhi, programu husoma urefu wa ajabu, huomba nafasi kubwa isiyopatikana, hunyimwa, kisha hutangaza kwamba kumbukumbu imekwisha. Maradhi yako kwenye faili, malalamiko yanaelekezwa kwenye RAM.

Ya nne ni upungufu wa kitu kingine kabisa. Diski iliyojaa, folda ya mafaili ya muda iliyosongamana, fonti iliyoharibika au kiolezo cha msingi kilichovurugika huweza kutoa ujumbe uleule. Windows pia huweka kikomo cha idadi ya vifaa vya kuchorea ambavyo programu moja inaweza kushika kwa wakati mmoja, kwa kawaida 10,000. Kikifikiwa, madirisha hukataa kuchorwa na programu hulaumu kumbukumbu.

Ya tano ni kipimo kisicho sahihi. GNU Emacs, kihariri kilichoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa kwa umma mwaka 1985, humwonya mtumiaji anapovuka asilimia 75, kisha 85, kisha 95 ya kikomo cha kumbukumbu, na humshauri afunge baadhi ya mafaili, na akifika asilimia 95 aianzishe programu upya. Ni onyo la busara, kwa sababu huja mapema. Lakini kikomo chenyewe hukisiwa kwa hesabu inayotegemea namna mfumo endeshi ulivyopanga anwani. Mfumo ukizipanga kwa namna nyingine, asilimia inayotangazwa haina uhusiano na hali halisi. Mlinzi yuko macho na ana nia njema. Fimbo yake ya kupimia ndiyo iliyokatwa vibaya.

Yapo pia maonyo ya kweli. Kiendelezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kihariri, kinachochukua nafasi na kusahau kuirudisha hula kumbukumbu kidogokidogo hadi kuimaliza, na kompyuta ya zamani yenye RAM ndogo hujaa kweli programu nyingi zikifunguliwa pamoja. Kwa sababu hiyo aliyepata onyo lisilo kweli mara tatu hana ruhusa ya kuhukumu la nne kabla hajalitazama.

Uongo na kosa

Watu husema "kompyuta imedanganya". Usemi huo unahitaji kuchunguzwa. Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyeandika kitabu maalumu kuhusu uongo mwishoni mwa karne ya 4, alifundisha kwamba uongo hukaa katika nia. Mtu anayesema jambo lisilo kweli huku akiamini ni kweli amekosea, hajadanganya. Na anayesema jambo ambalo kwa bahati ni la kweli, huku akilidhani si kweli na akikusudia kupotosha, amedanganya. Kwa kipimo hicho mashine haiwezi kudanganya, kwa kuwa haina nia ya kupotosha. Hata hivyo ujumbe uliotungwa na binadamu huweza kubeba uzembe wa binadamu, na uzembe una hukumu yake.

Wanazuoni wa Kiislamu walilipanga jambo hili kwa utaratibu madhubuti katika elimu ya Hadithi. Msimulizi hupimwa kwa sifa mbili. Ya kwanza ni uadilifu: je, ni mtu mkweli na mchamungu? Ya pili ni udhabiti: je, huhifadhi alichosikia na kukifikisha bila kukivuruga? Sifa moja haifidii nyingine. Mcha Mungu asiyejulikana kwa uongo huweza kukataliwa masimulizi yake kwa sababu kumbukumbu yake ni dhaifu. Wapo wasimulizi waaminifu ambao kumbukumbu zao zilichanganyika uzeeni, na wanazuoni hawakuyatupa yote waliyoyasimulia. Walitenganisha waliyosimulia kabla ya kuchanganyikiwa na yale ya baadaye. Ya kabla yakapokelewa, ya baadaye yakasubiriwa ushahidi mwingine.

Mgawanyo huo una faida ya moja kwa moja kwenye meza ya kuchapia. Kihariri kinachotoa maonyo ya ovyo ni shahidi mwadilifu asiye dhabiti: hakina hila, lakini neno lake pekee halitoshi. Na faili lililoharibika hutendewa kama msimulizi aliyechanganyikiwa. Nakala iliyohifadhiwa kabla ya hitilafu hupokelewa. Iliyohifadhiwa baada yake husomwa mstari kwa mstari kabla ya kuaminiwa. Mchapaji anayehifadhi kazi mpya juu ya nakala ile moja kila mara ameufuta mpaka kati ya kabla na baada, na siku ya shida hatakuwa na pa kurudi.

Yona na kipimo cha Kumbukumbu

Sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati inauliza watu watamtambuaje nabii ambaye Mungu hakumtuma, na inajibu kwamba jambo alilolitabiri lisipotokea, halikutoka kwa Mungu, na msemaji wake si wa kuogopwa. Ni kipimo chepesi kukielewa. Mtu akikitumia peke yake kwenye onyo la kompyuta, atasema: iliambiwa kumbukumbu inakwisha, haikuisha, basi onyo lilikuwa la uongo.

Lakini Biblia hiyohiyo ina kisa cha Yona. Alitumwa Ninawi kutangaza kwamba baada ya siku 40 mji utaangamizwa. Watu wakafunga na kuacha maovu yao, na mji haukuangamizwa. Kwa kipimo chepesi Yona angehesabiwa nabii wa uongo, naye mwenyewe alikasirika kwa sababu mji ulisamehewa. Qur'ani nayo, katika sura inayoitwa kwa jina lake, inawataja watu wa Yunus kuwa waliamini na wakaondolewa adhabu. Sura ya 18 ya Yeremia inatoa kanuni inayoyapatanisha haya: taifa lililotangaziwa maangamizi likigeuka, Mungu huliondolea maangamizi hayo.

Kanuni hiyo inatenganisha onyo na utabiri. Utabiri hueleza kitakachokuwa, na hupimwa kwa kusubiri. Onyo hueleza kitakachokuwa endapo hakuna atakayefanya kitu, na kulipima kwa kusubiri tu ni kuliua. Emacs inapotangaza asilimia 95, mtumiaji akafunga mafaili manne na programu isijifunge, tokeo hilo halithibitishi kwamba onyo lilikuwa la uongo. Linaweza kuwa lilisikilizwa. Ili kujua kama lilikuwa kweli lazima kitazamwe kitu kingine, yaani hali ya kumbukumbu wakati onyo lilipotolewa.

Sura ya 13 ya Kumbukumbu la Torati inaongeza tahadhari ya upande wa pili: hata ishara iliyotokea kweli haimfanyi aliyeitoa awe wa kufuatwa, kama anawapeleka watu pabaya. Mwenye stesheneri aliyeambiwa "ongeza RAM", akaongeza, na tatizo likatulia wiki mbili, hajapata uthibitisho kwamba RAM ndiyo ilikuwa shida. Pengine kuizima na kuiwasha kompyuta wakati wa kuifungua kulisafisha mafaili ya muda. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisisitiza kwamba mambo mawili kufuatana mbele ya macho hakutoshi kuthibitisha kwamba la kwanza limelazimisha la pili.

Yakini haiondolewi na shaka

Hatari ya kinyume ni kuishi kwa hofu. Mchapaji aliyepoteza kazi mara moja huanza kusimama kila kompyuta inapochelewa sekunde mbili, huhifadhi, hufunga, hufungua, na mkataba wa kurasa 4 unamchukua asubuhi nzima. Kiswahili kina jina la hali hiyo: wasiwasi. Fiqhi ya Kiislamu imeishughulikia kwa makini, kwa kuwa huwasumbua hata wanaoswali. Katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayedhani udhu wake umetenguka akiwa ndani ya sala, na mafundisho yake yalikuwa kwamba asiiache sala mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Kutokana na mafundisho ya aina hii wanazuoni wakaweka kanuni mama kwamba yakini haiondolewi na shaka.

Kanuni hiyo haisemi shaka ipuuzwe. Inasema shaka itakiwe alama ya nje, kitu kinachosikika au kunuswa, kabla haijapewa nguvu ya kubatilisha kinachojulikana. Kwenye kompyuta, kinachojulikana ni kwamba kazi imehifadhiwa na nafasi ipo. Shaka ni kidirisha kilichojitokeza. Alama ya nje ni kipimo cha matumizi ya kumbukumbu kinachoonyeshwa na mfumo endeshi. Katika Windows kipimo hicho huonekana kwenye dirisha la Task Manager. Kikionyesha kwamba nusu ya RAM ni tupu, onyo limekosa alama, na uchunguzi uelekee kwingine.

Qur'ani, katika aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inawaagiza waumini wahakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua halafu wakajuta. Lililoamrishwa hapo ni kuhakiki. Kusadiki mara moja hakukuamrishwa, wala kuikataa habari kwa sababu tu ya aliyeileta.

Ukimya nao husema uongo

Uchunguzi wa maonyo yasiyo kweli haukamiliki bila kutaja ndugu yake, faraja isiyo kweli. Mfumo endeshi wa Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukubali maombi ya kumbukumbu yanayozidi nafasi iliyopo, kwa kutegemea kwamba programu nyingi huomba zaidi ya zinavyotumia. Siku programu zote zikitumia kweli zilichoahidiwa, mfumo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine ziishi. Kihariri kilichouawa hivyo hakikuonywa na hakikuweza kuonya. Yeremia aliwashutumu manabii na makuhani waliowatangazia watu amani wakati amani haikuwapo, na shutuma hiyo ni kali kuliko ile aliyostahili mwonyaji aliyekosea. Aliyeonya bure amemgharimu mtu muda. Aliyetuliza bure amemnyima nafasi ya kujiokoa.

Uhusiano wa makosa haya mawili unaonekana wazi kwenye barabara hiyohiyo ya TANZAM. Malori yanayoshuka mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi hutumia breki za hewa, ambayo madereva huiita upepo. Upepo ukishuka hadi pauni 60 hivi kwa inchi ya mraba, taa huwaka na kengele hulia ndani ya kabini. Sensa ikiharibika, kengele hulia hata upepo ukiwa umejaa, kutwa nzima, kutoka Makambako hadi Mbeya. Dereva aliyechoshwa na kelele hukata waya. Tangu hapo kabini imetulia, na lori lenye tani 30 za mzigo linaingia mteremkoni bila shahidi. Onyo lisilo kweli limezaa ukimya usio kweli. Ndivyo ilivyo kwa mchapaji aliyezoea kubonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma kilichoandikwa: kidole chake kimekata waya.

Kwa hiyo kuvumilia onyo la ovyo si subira. Ni kuacha shahidi aharibike mpaka siku atakaposema kweli asisikilizwe.

Utaratibu wa kuhakiki

Wajibu uliokwisha kuelezwa una hatua za kutenda, na hatua hizo zina mpangilio wake.

Ya kwanza ni kulinda kilichopo kabla ya kuuliza kilichotokea. Kazi ihifadhiwe kwa jina jipya, na ikiwezekana mahali pengine, ili nakala ya zamani ibaki. Kuhifadhi kukikataa, maandishi yanakiliwe na kubandikwa kwenye kihariri rahisi kisicho na mapambo. Programu ikiwa imeshajifunga, zitafutwe nakala zake za dharura. Emacs huandika nakala ya namna hiyo kila baada ya kubonyezwa vitufe 300 hivi, au mtumiaji akitulia kwa sekunde 30, katika faili lenye alama # mwanzoni na mwishoni mwa jina. Vihariri vingine huandika kila baada ya dakika kadhaa.

Ya pili ni kumtafuta shahidi mwingine. Al-Ghazali alikumbusha kwamba jicho huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu za jiometri zikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Jicho halikutupwa, lilipewa hakimu. Shahidi wa pili wa kihariri ni mfumo endeshi: kumbukumbu iliyotumika ni kiasi gani, diski ina nafasi kiasi gani, folda ya mafaili ya muda imejaa au la.

Ya tatu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliieleza njia hii kuwa ni kulinganisha hali mbili zinazofanana kwa yote isipokuwa moja. Faili lilelile lifunguliwe kwa kihariri kingine; likigoma na huko, ugonjwa uko kwenye faili. Kihariri kilekile kifungue faili jipya. Kikigoma, ugonjwa uko kwenye programu. Kisha kianzishwe bila viendelezi na bila mipangilio ya mtumiaji. Kikitulia, viendelezi virudishwe kimojakimoja. Picha kubwa ya simu ipunguzwe ukubwa kabla ya kubandikwa. Anayebadilisha vitu vitano kwa mkupuo anaweza kuondoa tatizo, lakini hatajua alichokifanya, na likirudi ataanza upya.

Ya nne, inayokuja mwisho kwa sababu ni ya gharama, ni kupima vifaa. RAM yenyewe huweza kuwa mbovu, na dalili yake ya kawaida ni programu tofauti kujifunga kwa nyakati zisizofuata mpangilio. Zipo programu maalumu za kuipima, na hupaswa kuachwa zifanye kazi kwa saa kadhaa. Tiba bila kipimo ina historia ndefu pia hospitalini: kwa miaka mingi homa ilitosha mgonjwa kupewa dawa ya malaria, hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Homa ilibaki kuwa onyo la kuheshimiwa. Kilichoondolewa ni haki yake ya kutaja chanzo peke yake.

Katika mfano wa mkataba wa shamba, hatua tatu za kwanza zingechukua robo saa. Huenda ingeonekana kwamba RAM iko salama, kwamba diski imejaa video zilizoletwa na wateja kwa flashi, na kwamba hapakuwa na virusi, uzee wala haja ya kununua chochote.

Wajibu ni wa nani

Sura ya 33 ya Ezekieli inagawa wajibu kati ya mlinzi na watu. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watakaokufa iko juu yake. Akiipiga na mtu asijali, damu ya mtu huyo iko juu yake mwenyewe. Mgawanyo huo unafaa pia kwa mashine, ukiongezwa mtu wa tatu: aliyemtengeneza mlinzi.

Mtunzi wa programu anawajibika kwa udhabiti wa onyo. Aseme kilichotokea kwa kiwango anachokijua: ombi la nafasi ya ukubwa fulani limekataliwa wakati wa kubandika picha. Asipandishe "sijapata" ikawa "hakuna". Afadhali ujumbe unaokiri mipaka ya unachokiona kuliko unaomtuma mtu dukani kununua kifaa asichokihitaji. Mtumiaji anawajibika kusoma, kulinda kazi na kutafuta shahidi wa pili kabla ya kuamini au kupuuza. Mwenye mashine, awe mwenye stesheneri, ofisi ya kijiji au ya watafsiri, anawajibika kumtengeneza mlinzi anayepiga kelele bure, kwa sababu kila siku anayomwacha hivyo anawafundisha watu wake kutosikia.

Kazi ya kuhakiki humalizika kwa kuandika. Tarehe, maneno kamili ya onyo, faili lililokuwa wazi, kilichopimwa na kilichorekebishwa viingie kwenye daftari linalokaa karibu na kompyuta, ili atakayekalia kiti hicho mwezi ujao na kukutana na kidirisha kilekile asianze na kukisia. Hiyo nayo huitwa kumbukumbu, na tofauti na ile ya kichwani au ya mashine, mtu mwingine anaweza kuifungua na kuikagua.